Madigadi ya Firmin

Huku kwetu Flanders, kaskazini mwa Ubelgiji, majira ya machipuko hayaji na maua. Yanakuja na harufu. Unaamka asubuhi moja mwishoni mwa Februari, unafungua dirisha la jikoni kutafuta hewa safi, na hewa inakuingia puani ikiwa imebeba mavi ya nguruwe wa wilaya nzima. Wakulima wameruhusiwa tena kumwaga samadi mashambani. Wameizuia kwenye matangi kipindi chote cha baridi, na sasa wanaimwaga kama watu waliobanwa. Matrekta yanapita yakichuruzika na barabara zinageuka rangi ya kahawia. Siku hiyohiyo, kwa kuwa jua limetoka kwa saa mbili, kila mwendesha baiskeli wa huku anavua suruali ndefu, anatoa nje vigimbi vyeupe vilivyonyolewa juzi, na kwenda kuogelea humo.

Mimi ni mmoja wao. Naitwa Noëlla, nina miaka sitini na saba, na kila mwaka naapa kwamba huu ndio wa mwisho. Nilifanya kazi miaka thelathini na moja katika chumba cha kufulia cha hospitali, kwa hiyo uchafu naujua kwa jina na ukoo. Lakini nikisikia cheni iliyotiwa mafuta mapya inavyozunguka kimya, nikaona vichaka vya miiba kando ya njia vimetoa maua meupe hata kabla ya majani, moyo unanidunda kama wa msichana. Najionea aibu, lakini ndivyo nilivyo.

Mtu ninayetaka kumsimulia ni Firmin Callebert, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Ana miaka sabini na mitatu. Alikuwa mpeleka barua, kwa baiskeli, miaka thelathini na minane, na anapenda kukuambia kwamba hakuna barua aliyowahi kuifikisha ikiwa imelowa. Hakuoa. Alisema wanawake wanaacha nywele kwenye sinki. Kila Jumamosi saa nane mchana anaitoa baiskeli uani na ndoo mbili za maji ya uvuguvugu, moja ya sabuni na moja ya kusuuza, anasugua kila spoki kwa mswaki wa zamani, kisha anaifuta kwa kitambaa cheupe. Kitambaa hicho anakipiga pasi. Nimemwona kwa macho yangu kupitia dirishani, na nilitamani nimrushie kiatu.

Kanuni za klabu yetu aliziandika yeye, kwa mkono, miaka arobaini iliyopita, na zimetundikwa kwenye fremu ndani ya baa ya Godelieve, ambako ndiko tunakoanzia na kumalizia safari. Nyingi hakuna anayezisoma. Mbili ndizo zinazotusumbua.

Ya kwanza inasema madigadi hayatolewi kwenye baiskeli kabla ya Jumatatu ya Pasaka. Inatiiwa na watu wawili tu, Firmin na mimi. Wengine jua likichomoza tu wanayafungua, eti baiskeli yenye madigadi inafanana na ya padri. Matokeo yake kila tairi la nyuma linageuka bomba la kumwagilia, na anayefuata anakula. Anakula kwa macho, kwa meno, na kwa mdomo wa chupa ya maji, ambao baadaye anaunyonya bila hata kuufuta. Nimeona wanaume wazima wenye vyeo wakinyonya mavi ya nguruwe huku wakisifia hali ya hewa. Ndiyo maana kwa miaka ishirini nimeshika gurudumu la Firmin na si la mtu mwingine. Sikumfuata kwa mapenzi. Ndilo gurudumu pekee safi katika wilaya hii.

Kanuni ya pili ni ya mguu. Jumapili ya kwanza ya Machi tunafungua mwaka kwa kupanda Hazeput, kilima chenye barabara ya mawe, kifupi lakini kikali. Ukikipanda bila kugusa chini unabaki kundi la kwanza, na jezi ya kijani ni yako. Ukiweka mguu chini unairudisha jezi na kwenda kundi la tatu, ambalo sisi tunaliita kundi la supu, kwa sababu wanaendesha kilomita kumi na tano, wanakunywa supu, wanarudi. Mnapanda mmoja mmoja kwa msururu, na anayekufuata ndiye shahidi wako. Mkishuka, baani, kila mtu anasimama mbele ya kaunta na kutamka neno moja, "Safi" au "Mguu," na shahidi anakubali au anakataa. Wa mwisho hana shahidi. Yeye anaaminiwa tu.

Miaka sita iliyopita mume wangu Wilfried alipanda Hazeput wiki saba baada ya kukatwa kipande cha pafu. Daktari alimkataza, mimi nikamkataza, hakusikia. Mimi nilikuwa nimetangulia. Firmin alikuwa nyuma yake. Baani Wilfried akasema "Safi," uso umemwiva kwa furaha, na watu wakaanza kupiga makofi. Firmin akasubiri makofi yaishe.

"Mguu," akasema. "Pale kona ya kikanisa. Mmoja, wa kulia. Niliuona."

Wilfried hakubisha. Alivua jezi palepale mbele ya watu, na wote wakaona kovu lake. Baiskeli akaitundika gereji na hakuigusa tena. Novemba tukamzika. Sisemi kwamba Firmin alimuua, pafu ndilo lililomuua. Nasema alikufa akijiona mtu wa supu, na aliyemfanya ajione hivyo ni huyo mwenye kitambaa cha kupigwa pasi. Tangu siku hiyo nimemchukia Firmin Callebert kila Jumapili, kutoka umbali wa nusu mita, nikiwa nimekingwa na madigadi yake.

Mwaka huu baridi ilimla Firmin. Mafua ya Januari yalimtoa kilo sita, na jezi ya kijani ikawa inamning'inia mabegani. Jarne, fundi bomba wa miaka thelathini na nne ambaye ndiye nahodha wetu sasa, alimpokea mlangoni kwa Godelieve asubuhi ya ufunguzi.

"Mzee, umekuja na kijiko?"

"Cha nini?"

"Cha supu. Nimekuwekea kiti karibu na jiko, usije ukapigwa na baridi."

Watu wakaangua kicheko. Firmin akaitazama baiskeli ya Jarne kuanzia mbele hadi nyuma.

"Madigadi yako wapi?"

"Nimempa babu yangu."

"Sawa. Saa sita utarudi hapa mgongo mzima kama umejinyea, na mama yako ndiye atakayefua."

Wakacheka tena, safari hii Jarne akiwa ndiye wa kuchekwa. Lakini Firmin alijaribu mara tatu kabla ya kuweza kufunga kofia. Nilijua kwa nini. Dirisha langu linatazamana na lake. Siku sita za wiki taa ya jikoni kwake inawaka saa kumi na mbili asubuhi na kuzimwa saa tatu usiku, na katikati hapiti mtu. Hana mbwa, hana hata paka. Jumapili na kundi la kwanza ndiyo siku pekee anayoongea na watu. Akipelekwa kwa watu wa supu atakuwa na haya ya kwenda, na asipokwenda hana kwingine.

Nilijua yote hayo, na nilikuwa namwombea ateleze.

Kwa desturi mkubwa kuliko wote ndiye anayeongoza hadi chini ya kilima, kwa hiyo Firmin alikuwa mbele, mimi nyuma yake, na wengine kumi na mmoja nyuma yetu. Asubuhi ilikuwa nzuri mno, Mungu anisamehe. Jua lilitua shingoni kwa mara ya kwanza tangu Oktoba. Ndege wa mashambani walikuwa wanapiga mbizi angani na kulia juu ya matuta, na upepo ulikuwa unatusukuma mgongoni kwa heshima. Miguu ilizunguka yenyewe. Nilitaka kuimba, nikafungua mdomo, na hapohapo nikaufunga, kwa sababu barabara ilikuwa imepakwa samadi kama mkate siagi. Nyuma yangu nilisikia madigadi yaliyokosekana yakifanya kazi yake. Mmoja alikuwa anakohoa na mwingine anatapika kidogokidogo. Jarne aliziba tundu moja la pua kwa kidole na kupenga kamasi pembeni kwa lile jingine, kishindo kama cha bastola. Kamasi ikamrukia aliye nyuma yake.

"We nguruwe!" yule akapiga kelele.

"Nigeuzie na shavu jingine!" Jarne akamjibu, na wote wakacheka, midomo wazi, wakazidi kula. Hawa ndio watu nilioamua kuzeeka nao.

Chini ya Hazeput tulikutana na trekta likishuka, tangi tupu nyuma, bomba linavuja. Mkulima alitupungia mkono kwa furaha. Vijana wakatupita, wakaparamia mawe mmoja mmoja, makalio juu. Kila mmoja akawa shahidi wa aliyemtangulia. Wa mwisho tulibaki wawili, Firmin na mimi.

Alipanda vizuri mwanzoni. Alikaa imara kwenye siti, mikono legevu, gia ndogo, kama alivyotufundisha sote. Kwenye kona ya kikanisa, pale ambapo ukingo wa udongo unawaficha watu wa juu wasione, trekta lilikuwa limesimama kidogo kabla ya kushuka. Dimbwi lilijaa upana wote wa barabara, jeusi, zito, linafuka mvuke. Gurudumu la nyuma la Firmin likateleza. Likazunguka pale pale bila kwenda. Nikamsikia akitoa sauti ndogo ya mtoto, kisha mguu wa kushoto ukatoka kwenye pedali na kuzama kwenye dimbwi hadi kifundoni.

Hakuwa ameweka mguu mmoja akaondoka. Alijisukuma. Hatua moja, mbili, tatu, kama mtoto mwenye baiskeli kubwa kuliko yeye, akarudi juu. Mimi nilikwepa dimbwi kwa pembeni, kwenye ukanda wa majani, magurudumu yangu yakishika kwa rehema, nikafika ubavuni mwake. Tukatazamana. Macho yake yalikuwa mekundu, na midomo ilikuwa inajaribu kuunda neno. Sikumsubiri alitamke, niliinamisha kichwa nikamfuata hadi juu.

Nikiwa juu nilikuwa nahema na kufurahi. Siwezi kusema kwa namna nyingine. Miaka sita, na Bwana Kanuni amekanyaga mavi mahali palepale.

Baa ya Godelieve ina sakafu ya vigae vyeupe na vyeusi, na Godelieve ni mwanamke wa kelele. Wale wengine wote alikuwa amewazuia uani, anawamwagia maji kwa mpira wa bustani kama ng'ombe, kwa sababu walikuwa kahawia kuanzia kofia hadi soksi, usingeweza kujua nani ni nani. Firmin alifika, akapita katikati yao. Yeye hakuhitaji kumwagiwa. Madigadi yake yalikuwa yamefanya kazi ya miaka arobaini. Jezi ilikuwa safi, soksi ya kulia ilikuwa nyeupe kama asubuhi ilipotoka kwenye pasi. Alivuka sakafu hadi kaunta, na nyuma yake, kwenye vigae vyeupe, ikabaki alama ya mguu wa kushoto. Kisha nafasi. Kisha wa kushoto tena.

Laiti angekuwa mchafu kama wengine, nani angejua? Mwanamume pekee aliyeitii kanuni yake ndiye pekee ambaye kanuni hiyo ilimvua nguo. Niliziona zile alama na mate yakanijaa mdomoni.

"Firmin!" Godelieve akafoka kutoka mlangoni. "Wewe wa kunichafulia? Wewe? Umekanyaga nini?"

Firmin aliutazama mguu wake kana kwamba ameletewa na mtu.

"Hapo nje," akasema. "Uani."

Uani palikuwa na saruji na maji ya mpira. Hiyo iliyokuwa kwenye vigae ilikuwa samadi ya nguruwe, nzito, mbichi, yenye ile harufu tamutamu inayokaa kooni. Nimefua shuka miaka thelathini na moja, sihitaji kuinama. Godelieve akashika mopu huku ananung'unika, akafuta, akaondoka. Hakuna mwingine aliyewaza kitu. Nani angemwaza hivyo Firmin?

Wengine wakaingia, tukaanza kutamka. Jarne, safi. Wa pili, safi. Wa sita alisema mguu, akachekwa, akavua jezi na kuomba bia. Kisha zamu ya Firmin. Alisimama wima, mikono kwenye mishono ya suruali, kama alivyokuwa akisimama mbele ya mkuu wa posta.

"Safi."

Sauti haikutetemeka hata kidogo. Nilimchukia miaka sita kwa sababu alisema kweli, na sasa nilimwona anavyodanganya, na uongo wake ulikuwa nadhifu kama kitambaa chake.

"Shahidi?" Jarne akauliza. "Mama Noëlla, wewe ndiye ulikuwa nyuma yake. Mzee amepanda?"

Nilikuwa nimelifanyia mazoezi neno hilo kwenye sinki langu, mbele ya kioo, hata nikiwa juu ya baiskeli. Mguu. Pale kona ya kikanisa, wa kushoto, niliuona. Firmin alikuwa ananitazama. Hakuwa ananiomba. Alikuwa anasubiri tu, kola ya jezi ikiwa imempwaya shingoni. Nikamwona Wilfried akivua jezi, lile kovu, na Godelieve akigeuza uso. Nikaona kinyaa. Kwa Firmin, kwa baa, kwa hawa wanaume wanaonuka waliokaa kusubiri kumvua mzee nguo, na kwangu mimi niliyekuja na wembe mfukoni.

"Safi," nikasema.

Makofi. Jarne akampiga Firmin mgongoni hadi akayumba.

"Basi kijiko chako nitakitumia mimi!"

Nilitoka nje kwenye bomba la uani kunawa uso ambao haukuwa na uchafu. Firmin akanifuata. Alikuwa ameshika kile kitambaa cheupe.

"Mbona hukusema?" akauliza.

"Ulitaka niseme?"

"Kanuni ni kanuni, Noëlla."

"Sawa. Mlango ule pale. Rudi ndani uwaambie."

Akautazama mlango. Ndani walikuwa wameanza kuimba. Hakusogea.

"Siwezi," akasema.

"Unaona? Wala hilo 'Safi' si neno gumu. Wilfried naye alitaka neno hilohilo moja kutoka kwako. Herufi nne. Ungempa, angekufa na jezi yake."

Firmin akainama, akaanza kufuta kiatu cha kushoto. Alifuta juu, akafuta pembeni, akageuza kitambaa, akafuta tena palepale. Kitambaa kikawa kahawia chote na bado akafuta. Ningeweza kumwachia. Ningeweza hata kumshika bega. Badala yake nilisimama pale nikamwangalia hadi alipomaliza, na sikusikia raha niliyoisubiri miaka sita. Nilisikia harufu tu.

Wiki nzima taa yake iliwaka saa kumi na mbili na kuzimwa saa tatu. Jumamosi saa nane sikumwona uani na ndoo zake. Nikadhani ni mgonjwa.

Jumapili iliyofuata jua lilikuwa limejitokeza tena, na lile trekta lilikuwa limepita tena. Firmin alikuja kwa Godelieve akiwa wa mwisho. Kila mtu aligeuka. Jarne akapiga mluzi.

"Haa! Mzee! Pasaka imekuja mapema?"

Baiskeli yake ilikuwa uchi. Alikuwa ameyang'oa madigadi yote mawili, mbele na nyuma, na pale zilipokuwa skrubu palibaki mashimo madogo yenye ukoko mweupe wa miaka. Cheni ilikuwa na tope la wiki iliyopita.

"Joto limeshaingia," Firmin akasema bila kumtazama mtu. Wanaume wakashangilia, wakampokea kama mtu aliyepona.

Mimi sikushangilia. Nilielewa. Siku nyingine akiweka mguu chini, hakutakuwa na alama ya mguu mmoja. Atakuwa mchafu mwili mzima kama wengine, na hakuna wa kumtambua, hata mimi.

Tulitoka kijijini. Ningeweza kukaa nyuma ya mtu yeyote, sasa wote walikuwa sawa. Lakini miguu ilijua mahali pake, ikanipeleka nyuma ya gurudumu lake, nusu mita. Kwenye shamba la kwanza tukaingia kwenye samadi, na tairi la Firmin likaniinulia ya mwaka mzima, vuguvugu, kwenye meno, kwenye macho, kwenye mdomo wa chupa. Miaka ishirini sikuwahi kuonja. Sasa nimeonja.

Firmin aligeuza shingo kidogo, si ya kutosha kuniona.

"Uko hapo, Noëlla?"

Nikatema pembeni, nikatema tena, na bado ilikuwepo.

"Nipo," nikasema. "Endesha."